Nyaya Ukutani: Mjadala wa Nyumba Moja ya Tanga

Mtu ajengaye nyumba leo Tanga, au arithiye ya wazee wake, hufikiwa na swali ambalo babu yake hakupata kuulizwa, nalo ni kwamba nyaya zichukuazo sauti kutoka kwenye amplifaya hadi kwenye spika za ukumbini, za uani na za vyumba vya ndani, zipitishwe juu ya ukuta zionekane na kila aingiaye, au zichimbiwe mfereji, zifukiwe, zipigwe lipu na kusahauliwa. Wengi hulidhania swali hili kuwa dogo, na kwa sababu hiyo aghalabu huachiwa fundi alijibu peke yake kwa nyundo na patasi katika asubuhi moja. Walakini mimi, ambaye nimeziona kuta njema zikiharibiwa kwa haraka hiyo, naliona kuwa ni swali la haki ya nyumba na haki ya wakaao ndani yake, nalo lastahili kusikilizwa kwa pande zote kabla ya tundu la kwanza kutobolewa.

Kwa ajili hiyo nimeziweka pamoja sauti tano ambazo mkazi yeyote wa mji huu huzisikia, mara barazani, mara katika maduka ya vifaa vya umeme, mara ndani ya nyumba inayotengenezwa. Wasemaji sikuwapa majina, kwa kuwa kila mmoja anasimama mahali pa wengi. Nimewaita kwa kazi zao na kwa nafasi zao. Nyumba yenyewe tuikadirie kuwa ni ya mawe, ya zamani, si mbali na bandari, yenye ukumbi, vyumba vya ndani na ua, na kwamba nyuma ya ua huo mwenyewe ameongeza vyumba viwili vya tofali za saruji ambavyo bado havijapigwa lipu. Hivyo nyumba moja ina kuta za tabia mbili, na hitilafu hiyo ndiyo iliyoupa mjadala huu sehemu kubwa ya uzito wake.

BI MWENYE NYUMBA. Jamaa zangu, karibuni, na asanteni kwa kuitikia mwito. Haja yangu naieleza waziwazi isije ikadhaniwa kuwa ni anasa. Mama yangu, ambaye katika nyumba hii aliingia akiwa bi harusi, sasa hatoki chumbani. Maradhi yamemlaza, macho yamefifia, na alichobakiwa nacho ni masikio. Redio iliyoko ukumbini humfikia nusu, akasikia kwamba habari zinasomwa lakini maneno asiyapate. Ndugu yangu aliyeko Maskati ametuletea amplifaya na spika sita: nataka mbili ziwe ukumbini, mbili chumbani kwa mama, na mbili uani ambako tunapika, tunafua na kuzungumza. Lakini nyumba hii ina heshima yake, na sipendi nyaya zitambae kila mahali machoni pa wageni. Nataka zifichwe. Fundi aniambie zitafichwa vipi, na Mzee Mwashi aniambie kama ukuta utakubali.

FUNDI WA UMEME. Bi Mkubwa, kazi hii si ngeni kwangu. Nitaanza nyuma ya kabati la ukumbini, nitakata mfereji wa kimo cha magoti kuzunguka ukumbi hadi kwenye korido, kisha hadi chumbani kwa mama, nilaze nyaya humo, nizibe kwa saruji na kupaka rangi. Wiki ikipita hata mimi sitajua ulipopita. Wala sisemi hivi kwa ajili ya uzuri peke yake. Waya ulio nje hunaswa na miguu ya watoto, hung'olewa na fagio, panya huutafuna, na ule wa uani jua hulikausha ganda lake hata likapasuka. Aliyeuficha waya wake ameulinda.

MWASHI. Hapo hapo uliposema kuwa hata wewe hutajua ulipopita, mwanangu, ndipo inapoanza khofu yangu, nami nakuomba univumilie, kwa kuwa ukuta huu si wa namna uliyofundishwa. Huu si tofali juu ya tofali. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, ya nje na ya ndani, na baina yake pamejazwa vipande vya mawe na chokaa. Unene wake unakaribia nusu mita, na nguvu yake haimo katika jiwe lolote peke yake, bali imo katika kushikana kwa yote. Ukikata mfereji wa wima umekata kiasi. Ukikata wa mlalo, kuzunguka ukumbi mzima kama ulivyosema, umeyaondolea tegemeo mawe yote yaliyo juu ya mstari ule, na boriti za mikoko zilizobeba dari zimeegemea ukuta huo huo. Njoo siku moja uweke kiganja upande wa pili wakati mtu anapiga patasi upande huu: utasikia chembe za chokaa zikiporomoka ndani, mahali ambapo nyundo haikupafikia kabisa. Hizo haziinuliwi tena na mtu.

Kisha wasema utaziba kwa saruji. Chokaa ya ukuta huu ilichomwa kwa matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo, ikamwagiwa maji, ikafukiwa ikakaa hata ikaiva, na sifa yake kubwa ni kwamba huuachia unyevu utoke. Matumbawe yametoka baharini, yana chumvi. Ardhi yetu ni ya maji, na kila masika unyevu hupanda kutoka msingini. Katika chokaa unyevu huo hutoka polepole ukapotea hewani. Ukiweka mkanda wa saruji katikati, unyevu hauna njia ya kutokea hapo, basi hukimbilia kandokando ya mkanda, chumvi ikaganda chini ya rangi, ikaifurisha lipu na kuidondosha. Mwaka wa pili mfereji wako utaonekana wote, tangu kabatini hadi chumbani, kwa alama nyeupe pande zote mbili. Ulitaka kuuficha waya, nawe umeuandika ukutani.

Hapa naomba ruhusa ya kutia neno langu, kwa kuwa maneno ya Mwashi si ya mtu mmoja mwenye mapenzi ya kale. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, watunzaji wa majumba wameishikilia nasaha hiyo hiyo, kwamba ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa, na madhara ya saruji juu ya kuta za matumbawe yanaonekana huko kwa kila mwenye macho. Pangani nayo ina majumba yaliyochubuka kwa namna ile ile. Tanga tuna bahati ya kuwa na kiwanda cha saruji pale Pongwe tangu mwaka 1980, na saruji yake imewajengea watu wengi nyumba imara. Lakini ukaribu wa kitu na urahisi wa kukipata haukifanyi kiwe dawa ya kila jeraha.

FUNDI WA UMEME. Mzee wangu, nakupa heshima yako yote, lakini umeme nao umo ndani ya nyumba hii. Waya wa umeme ni wa hatari kuliko huu wa spika, na wazee waliukubali. Waliupitisha wapi?

MWASHI. Inua macho utazame. Waliupitisha juu ya mbao nyembamba, ukabanwa kwa vibanio, ukafuata pembe ya dari na mwimo wa mlango, ukashuka wima hadi penye swichi. Baadhi ya mbao zile zipo mpaka leo, na nyaya zake zimekwisha kubadilishwa bila ya jiwe hata moja kuguswa. Mafundi wale hawakukosa patasi.

MWALIMU. Mwenye kwenda Tongoni, kusini ya mji huu katika njia ya Pangani, huziona nguzo za makaburi ya karne nyingi, na ndani ya nguzo hizo mna mashimo ya mviringo ambamo zamani palikaa mabakuli ya kauri yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mabakuli yale hayakupachikwa baada ya nguzo kusimama; mwashi aliliachia kila bakuli nafasi yake wakati wa kujenga, jiwe likalipokea na chokaa ikalikumbatia. Waliokuja baadaye wakayabandua, na alama ya patasi zao ndiyo tunayoiona. Kadhalika zidaka za majumba ya mawe: zilikusudiwa tangu ukuta unapanda. Wahenga wetu hawakuuchukia ukuta wenye vitu ndani yake, walichukia kuushitukiza. Nami ningesema hivyo hivyo kwa habari ya nyaya za Fundi.

Lakini ninalo neno jingine, na hili Bi Mkubwa aniwie radhi. Mimi nakumbuka redio ilipokuwa kitu cha mtaa. Kituo cha Dar es Salaam kilianza kutangaza mwaka 1951, kikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kikawa Redio Tanzania mwaka 1965, na katika miaka yote hiyo, hapa Ngamiani kama kwingineko, kisanduku kimoja kiliwekwa barazani na watu wakakizunguka. Taarabu za mji wetu, za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambavyo vilitia gitaa la umeme na besi katika nyimbo za mwambao na kusikilizwa hata nje ya mipaka ya Tanganyika, tulizisikiliza pamoja, tukazibishania maana yake pamoja. Sasa tunataka kuigawa sauti ile chumba kwa chumba, kila mtu ajifungie na spika yake. Je, nyaya hizi hazitawatenga watu wa nyumba moja?

BI MWENYE NYUMBA. Mwalimu, nimekusikia kwa taadhima, ila ninayo haki ya kukuuliza: hao waliokizunguka kisanduku walikuwa akina nani? Walikuwa wanaume. Sisi tulikuwa ndani. Mama yangu, ambaye angeweza kukutajia nyimbo zote za Black Star tangu mwanzo hadi mwisho, alizisikia kupitia ukuta huu huu wa nusu mita, akiwa na mwiko mkononi, na palipopungua sauti alijaza mwenyewe kwa kukisia. Mimi nikiwa mtoto nilitumwa barazani nikasikilize kiitikio kisha nirudi nikamwambie maneno yake. Baraza hiyo unayoisifu ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na upande wa pili. Leo nataka sauti ipite ukutani kwa idhini, iwafikie waliokuwa wakiisikia kwa wizi. Huko si kuwatenga watu.

MWALIMU. Nimekubali, dada yangu. Hoja hii sikuwahi kuletewa, na sina jawabu lake.

KIJANA. Mama, na nyinyi wazee wangu, mbona mnaumiza vichwa? Siku hizi zipo spika zisizotaka waya. Simu inatosha, unawasha, sauti inaruka hewani. Ukuta hautaguswa, chokaa itabaki chokaa.

FUNDI WA UMEME. Kijana, ungenena hivyo katika nyumba ya tofali nyembamba ningekuunga mkono. Hapa simu yako iko ukumbini, na baina yake na chumba cha bibi yako pana kuta mbili za namna hii aliyoieleza Mzee, nene na zenye unyevu, na mawimbi ya vyombo hivyo ni dhaifu, mawe na maji huyameza. Utasikia sauti ikikatika, ikirudi, ikikatika. Tena spika isiyotaka waya wa sauti inataka waya wa umeme, au betri ya kuchajiwa. Nani ataichaji usiku wewe ukiwa umelala?

KIJANA. Nitaichaji mimi.

BI MWENYE NYUMBA. Utaichaji hadi utakaporudi chuoni, mwanangu. Bibi yako anataka kitu ambacho kitasema kila siku bila ya kumwomba mtu.

FUNDI WA UMEME. Basi naomba kuigawa kazi mara mbili, na kwanza nianze na vyumba vipya, ambako Mzee hatanikataza.

MWASHI. Sitakukataza, ila nitakuwekea mpaka. Tofali za huko ni za inchi 6. Kanuni ifuatwayo na wajenzi wa Uingereza, nayo ni kanuni njema, ni kwamba mfereji wa wima usizidi theluthi ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sudusi. Kwa tofali hizo, wima usipite inchi 2, mlalo usipite inchi 1. Tena pande mbili za ukuta mmoja zisikatwe mahali pamoja, mfereji ukaangaliana na mfereji.

FUNDI WA UMEME. Nimeshika. Wala sitalaza waya mtupu. Nitaweka paipu za plastiki za milimita 25, na kona zake nitazipinda kwa upole, nisitumie kiwiko cha ghafla, kwa kuwa waya haupiti kwenye kiwiko. Na baina ya kisanduku na kisanduku zisizidi kona mbili. Ndani ya kila paipu nitaacha kamba, na mwisho wa kila kamba nitaufunga fundo lisije likazama. Kuta mbili zinazoelekea uani ndizo zitakazobeba zile spika mbili za nje, chini ya upenu, na katika kila chumba kipya nitaacha paipu tupu hata kama leo hapana spika ya kwenda huko. Kabla ya lipu kupigwa, kijana huyu apige picha kila ukuta kwa simu yake, akiwa ameshikiza futikamba kutoka sakafuni na kutoka pembeni, na picha hizo zihifadhiwe pamoja na hati za nyumba. Atakayetaka kupigilia msumari wa pazia miaka kumi ijayo atajua pa kuuepusha.

Sasa nataka niseme nionavyo mimi, kwa kuwa mjadala huu haukukusanywa ili mwandishi ajifiche nyuma ya wasemaji wake. Kitu kinachotiwa ukutani katika mwambao huu shurti kiweze kutolewa bila ya kuuvunja ukuta. Hewa yetu ni ya chumvi. Shaba hugeuka kijani tangu kwenye ncha, na kijani hicho hutambaa chini ya ganda ambako jicho halifiki. Mchwa hawana subira na mbao, na panya hawana staha na plastiki. Waya uliofukiwa mtupu ndani ya saruji utaharibika siku moja, hilo ni yakini, na siku hiyo mwenye nyumba atakuwa na mambo mawili tu, ama kuuvunja ukuta, ama kuuacha waya mfu ndani na kuutambaza mwingine juu, na wengi wamefanya hilo la pili hata ukuta mmoja ukabeba nyaya za vizazi vitatu. Bali paipu yenye kamba ni njia, na njia hupokea kila apitaye. Mwenye kuwajengea watoto wake nyumba awaachie njia. Waya watanunua wenyewe, wa namna ambayo leo hatuijui.

KIJANA. Na waya wenyewe, Fundi? Dukani nimeonyeshwa wa bei mbili, mmoja nusu ya mwingine, na kwa kuutazama sioni tofauti.

FUNDI WA UMEME. Toa kisu. Kwangua uzi mmoja wa huo wa bei rahisi. Umeona weupe chini ya wekundu? Huo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hupitisha umeme vibaya kuliko shaba halisi ya unene ule ule, ukipindwa mara chache hukatika, na chumvi ikiingia penye mkwaruzo huuozesha upesi. Sitaupitisha katika nyumba hii. Chukua shaba tupu, na kwa zile mbili za uani, ikipatikana, tafuta shaba iliyopakwa bati, kama itumikayo katika vyombo vya baharini. Watu wa bandarini wanaijua.

Kwa unene, tupige hesabu. Kutoka ukumbini hadi chumbani kwa mama, kwa kufuata kuta na si kwa kukata kati, nimepima mita 12; sauti huenda na kurudi, basi ni mita 24 za shaba. Kwa waya wa 1.5, ule ule utumikao kwenye taa, ukinzani wake unakuwa yapata omu 0.3, na spika ni ya omu 8. Hasara hiyo ni ndogo, sikio halitaiona. Kwa waya wa 0.5, ule mwembamba uliokuja ndani ya boksi pamoja na spika, ukinzani unakaribia omu 0.9, zaidi ya sehemu moja katika kumi, nguvu inapotea njiani na besi inalegea. Vilevile usizifunge spika zote sita kwenye amplifaya kwa kuziunganisha hovyo: tatu za omu 8 zikifungwa sambamba katika upande mmoja zinakuwa chini ya omu 3, na amplifaya nyingi za nyumbani hazivumilii chini ya 4. Zitachemka, zitazima, mtasema spika ni mbovu. Nitatia kisanduku cha kugawia.

MWASHI. Na waya wa umeme je? Zitapita paipu moja?

FUNDI WA UMEME. Hasha. Katika paipu ya umeme mna volti 230. Ganda likichubuka humo, umeme ule utatokea kwenye spika iliyo kando ya kitanda cha mgonjwa. Zitakuwa paipu mbili mbalimbali, zikienda sambamba baina yake iwe sentimita 30, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe ya mraba. Na kabla ya kufunga visanduku nitachukua betri ndogo ya volti 1.5, niguse ncha za kila waya kwa nukta moja: kifuniko cha karatasi cha spika kikiruka kuja mbele, nyekundu iko kwenye chanya, kikirudi nyuma, nimezigeuza. Spika mbili za chumba kimoja zikipingana, moja ikivuta ilhali nyingine inasukuma, besi hufutika, na mwenye kusikiliza hajui amekosa nini.

BI MWENYE NYUMBA. Hayo ya upande mpya nimeyaridhia yote. Lakini mama yuko upande wa zamani.

MWASHI. Upande wa zamani, mwanangu, waya utakwenda nje ya ukuta, nami nitausimamia mwenyewe. Utapanda wima kutoka nyuma ya kabati, utaifuata pembe ya dari chini ya boriti, ndani ya ubao mwembamba wenye mfuo, nitaupaka ubao chokaa ile ile ya ukuta, na mtu asiyeambiwa atadhani ni sehemu ya dari. Mlangoni utashuka nyuma ya mwimo. Katika njia ya kwenda kwa mama mahali pa kutoboa ni pamoja tu, ukuta wa kuingia chumbani, na hapo hatutatumia nyundo. Tutatafuta maungio ya chokaa baina ya jiwe na jiwe, tutazungusha kekee taratibu, tutapenyeza kipande cha paipu, kisha tutaziba kandokando kwa chokaa na mchanga. Tundu la kwenda uani nalo tutaliinamisha kidogo kuelekea nje, mvua ya kusi isije ikaingia ndani. Na kazi hii isifanywe katika masika. Chokaa haikauki wakati huo, na chokaa isiyokauka haishiki kitu.

MWALIMU. Kabla hamjamaliza, nazungumza sasa kama jirani, kwa kuwa ukuta wa mashariki wa ukumbi huu ni wa nyumba zetu mbili. Waya ukutani haunidhuru. Spika ukutani hunidhuru. Ikifungwa kwa skrubu kwenye jiwe, besi haipiti hewani peke yake, hupita katika jiwe lenyewe, na kwangu huwa mtikisiko usio na wimbo. Ziko kanuni za serikali za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, lakini mimi na Bi Mkubwa hatukupata kupelekana mbele ya kanuni, na nisingependa tuanze leo.

BI MWENYE NYUMBA. Wala hatutaanza. Fundi, spika za ukumbini zikae juu ya vinara vyake, zisiguse ukuta wa mashariki, na chini yake utie mpira. Nyumba ya Mwalimu tulipakana nayo kabla ya wewe kuzaliwa.

FUNDI WA UMEME. Nitatia. Lakini Bi Mkubwa, nina ombi moja dogo. Pale nyuma ya kabati, mahali waya unapopanda wima, ni mita mbili tu zitakazoonekana, tena ndipo mgeni anapokaa akatazama. Mzee mwenyewe amesema kukata wima ni kukata kiasi. Aniachie hapo nikate ndani ya lipu peke yake, nisiliguse jiwe, nizibe kwa chokaa.

MWASHI. Lipu ya hapo ina sentimita mbili, pengine tatu. Waya bapa ungeingia. Paipu haingii.

FUNDI WA UMEME. Waya bapa, basi.

MWASHI. Na siku utakapooza?

FUNDI WA UMEME. Tutakwangua lipu ya mita mbili. Si ukuta.

BI MWENYE NYUMBA. Nimewasikia, na naona mmefika mahali ambapo mnaweza kubishana hata alfajiri. Mimi nilianza kwa kusema sitaki nyaya zionekane, na hapo nyuma ya kabati nimebadili shauri: upande juu, ndani ya ubao wenu, umenyooka, na mgeni akitazama atazame. Sitaki lipu ya ukumbi huu ikwanguliwe sasa wala baadaye. Ninalotaka kuuliza ni jingine. Mama ataipunguzaje sauti akitaka kulala, au akisikia adhana, ikiwa amplifaya iko ukumbini na mikono iliyo karibu nayo ni yetu?

KIJANA. Ataita, Mama.

BI MWENYE NYUMBA. Ameita miaka mingi.

FUNDI WA UMEME. Ipo swichi ya kupunguzia sauti, Bi Mkubwa. Hukaa katikati ya amplifaya na spika, huzungushwa kwa kidole, na hadi kuzima huzima. Waya wake utapita humo humo katika ubao na kushuka ukutani kando ya kitanda. Niambie tu niiweke upande gani na kimo gani.

BI MWENYE NYUMBA. Upande wa kulia, kwa kuwa mkono wa kushoto hauna nguvu. Kimo ukipime yeye akiwa amelala, si wewe ukiwa umesimama. Na masika yakiisha uanze na chumba hicho; ukumbi utangoja.